Mtoto Atafutaye Macho ya Watu

Mazungumzo kwa wazazi na walimu wa Kisumu na kando ya Ziwa



Ukienda Dunga saa za asubuhi, mashua zinaporudi, utamwona mvuvi ameketi ufuoni na wavu uliosokotana magotini pake. Hauvuti kwa nguvu, kwa maana akiuvuta utakatika. Wala hautupi, kwa maana ameununua kwa fedha nyingi. Hutafuta uzi ule ulioanza kufunga fundo, akaufuata polepole mpaka wavu wote ukafunguka. Mazungumzo haya ni juu ya mtoto ambaye tabia zake zimesokotana kama wavu huo, na juu ya wazazi wanaotaka kuufuata uzi badala ya kuukata.

Tuseme yuko mtoto wa kiume wa miaka minane, akaaye na baba, mama na mdogo wake katika chumba kimoja huko Nyalenda. Mwalimu akiandika ubaoni, mtoto huyu hulia kama pikipiki. Darasa likinyamaza, huanguka kutoka kwenye benchi kwa makusudi. Huwaambia wenzake kwamba baba yake ana mashua tatu, na kila mtu ajua kwamba baba yake ni mchukuzi katika soko la Kibuye. Wageni wakija nyumbani, hukohoa mpaka wamtazame. Mama akienda kuchota maji, humfuata; akirudi jikoni, humfuata; akiongea na jirani, humvuta nguo. Wenzake wakicheza mpira, hunyakua mpira na kukimbia nao ili wamfukuze. Fedha ya mandazi humpa mtoto yeyote anayekubali kuitwa rafiki yake, na kesho yake rafiki huyo amekwisha kwenda zake.

Jirani husema, "Amedekezwa." Mwalimu husema, "Ni mtundu." Nyanya yake, akija kutoka mashambani, husema pengine pana jicho la mtu, au mwiko umevunjwa nyumbani. Kila mmoja ana dawa yake: huyu kiboko, yule dhihaka, yule mwingine mganga. Lakini katika dawa zote hizo halimo swali moja lililo dogo, nalo ni hili: Mtoto huyu anatafuta nini?

NJAA ISIYO YA CHAKULA

Mtoto huzaliwa na njaa mbili. Njaa ya kwanza ni ya maziwa na uji, na kila mama aijua. Njaa ya pili ni ya kutazamwa, kuitikiwa na kujulikana. Mtoto aliyenyimwa chakula atakula hata udongo. Vivyo hivyo mtoto aliyekosa kutazamwa kwa wema atakubali kutazamwa kwa hasira, kwa kuwa kwake yeye hasira ni afadhali kuliko kutoonekana kabisa.

Jambo hili halikutoka Ulaya peke yake. Lilichunguzwa karibu na hapa, ng'ambo ya Ziwa. Katika miaka ya 1954 na 1955 mtaalamu mmoja, Bibi Mary Ainsworth, alizuru nyumba za vijiji karibu na Kampala, akaangalia watoto wadogo 28 na mama zao 26. Kitabu chake kilitolewa mwaka 1967. Aliona kwamba watoto waliokuwa na imani na mama zao hawakulia sana. Walitambaa mbali kidogo, wakageuka kumwangalia mama, kisha wakaendelea na michezo yao. Lakini wako wengine waliolia mara kwa mara na kung'ang'ania nguo za mama, hata alipokuwa amewabeba. Tena aliona kwamba wale mama waliomjua mtoto vizuri, walioweza kueleza kila jambo lake dogo, ndio ambao kwa kawaida watoto wao walikuwa watulivu.

Wazazi wengi huogopa kwamba mtoto akiitikiwa ataharibika. Mambo yaliyoonekana Uganda yaonyesha kinyume chake. Mtoto mwenye hakika kwamba mama yupo na atamjibu ndiye awezaye kumwacha mama na kwenda kucheza. Yule asiye na hakika hawezi kwenda. Hubaki akivuta nguo, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba ambayo siku nyingine hufunguliwa na siku nyingine haifunguliwi. Mtu wa namna hiyo hubisha kwa nguvu zaidi.

MJI ULIBADILI MALEZI

Wazee huuliza, "Mbona zamani hatukuwa na watoto wa namna hii?" Walikuwapo, lakini boma lilikuwa na njia ya kuwasaidia ambayo mji umeipoteza.

Katika boma la Kijaluo watoto wadogo walilala katika siwindhe, nyumba ya bibi mzee, pamoja na binamu zao na watoto wa wake wenza. Hapo walisikia hadithi, walitegana vitendawili, waligombana na kupatana kabla ya kulala. Mtoto mchanga alikuwa na japidi, yaani dada au binamu wa kumbeba, mama alipokuwa shambani. Kwa hiyo mtoto alipofika umri wa kwenda kuchunga, alikuwa amekwisha kujifunza kusubiri zamu yake, kuomba, kukataliwa na kurudi. Hakuna aliyemfundisha kwa maneno. Alijifunza kwa kuishi na watu wengi.

Reli ilifika kando ya Ziwa mwaka 1901, na Kisumu ukawa mji wa bandari, wa karakana, na wa nyumba za kupanga. Baba na mama wakaja mjini na watoto wawili. Binamu wakabaki mashambani. Chumba ni kimoja, mlango umefungwa kwa ajili ya wezi, na barabara imejaa magari. Mama huuza omena tangu alfajiri hata jioni, naye akirudi amechoka. Mtoto ana mtu mmoja tu wa kumtazama, na mtu huyo hana nafasi.

Bwana Thomas Weisner, mtaalamu wa Marekani, alilinganisha watoto wa Kisa katika nchi ya Waluyia na watoto wa jamaa hizo hizo waliokuwa wakikaa Kariobangi, Nairobi. Katika maandishi yake ya mwaka 1979 alieleza kwamba watoto wa mjini walikuwa na fujo zaidi na ushirikiano mdogo kuliko wale wa nyumbani. Damu ilikuwa moja na mila ilikuwa moja. Kilichobadilika ni mahali, wenzi na kazi. Basi mzazi wa mjini asijilaumu kupita kiasi, wala asimlaumu mtoto. Yafaa aelewe kwamba yale ambayo boma liliyafundisha kimya kimya, sasa hapana budi yeye ayafundishe kwa makusudi.

MTOTO WA SEATTLE

Katika mji wa Seattle, Marekani, kulikuwa na mtoto wa kike wa miaka minne katika shule ya watoto wadogo ya Chuo Kikuu cha Washington. Habari zake zilichapishwa mwaka 1964. Alikuwa na akili na maneno mengi, lakini hakucheza na watoto. Siku nzima aliwafuata walimu: akiwaonyesha mikwaruzo midogo, akijivuta mdomo wa chini na nywele, akisema kwa sauti ya chini sana ili wainame kumsikiliza. Walimu walimhurumia, wakamwinamia kila mara. Walipopima saa zake, waliona kwamba sehemu kama 40 katika 100 zilipita pamoja na watu wazima, na kidogo zaidi ya 10 tu pamoja na watoto.

Ndipo walipotambua kwamba, kwa huruma yao wenyewe, walikuwa wakimlipa kwa kukaa peke yake. Wakabadili mwendo. Hawakumkemea wala hawakumwadhibu. Ila alipokuwa pamoja na watoto, hata kusimama karibu nao tu, mwalimu alikuja, akasema neno jema juu ya mchezo wao wote. Alipokuwa peke yake akijivuta mdomo, hawakushughulika naye sana. Mara moja saa zake pamoja na watoto zilipanda hata karibu 60 katika 100. Kisha, ili wapate hakika, walirudi kwa siku chache katika desturi yao ya kwanza. Naye mtoto akarudi peke yake. Walipoishika tena njia ile mpya, alirudi kwa wenzake.

Habari hii ina mafundisho mawili kwa mzazi wa Manyatta au wa Ahero. La kwanza, kelele na kiboko navyo ni macho ya watu. Mtoto anayelia kama pikipiki na darasa zima likageuka, mwalimu akaja mpaka bencini pake, amepata alichokitaka. Maumivu ni bei tu, naye yu tayari kuilipa. La pili, haitoshi kuacha kutazama ubaya. Mtu akifunga mlango mmoja na asifungue mwingine, mtoto atavunja dirisha. Lazima macho yale yale apewe mahali pengine, na apewe kabla hajayaomba.

Kwa hiyo mama afanyeje? Atenge dakika kumi kila jioni, hata akiwa anasafisha omena au kuchambua sukuma wiki, ziwe za mtoto huyo peke yake. Amwulize alichokiona njiani, asikilize mpaka mwisho, asimkatize kwa mafundisho. Mtoto akikohoa mbele ya wageni, mama aendelee na mazungumzo yake. Lakini mara akikaa kimya dakika chache, amwite mbele ya wageni hao awape maji, na amsifu kwa kazi hiyo. Siku za kwanza tabia mbaya yaweza kuzidi, maana mtoto atajaribu kubisha hodi kwa nguvu zaidi. Hapo ndipo wazazi wengi hukata tamaa. Mzazi avumilie, na baba na mama wawe na neno moja. Kwa kuwa yule mmoja akinyamaza na mwingine akipiga kelele, mtoto hujifunza kuchagua mlango.

URAFIKI NI KAZI YA KUFUNDISHWA

Mtoto wa miaka miwili hucheza kando ya mwenzake, kila mmoja na kikopo chake. Kadiri akuavyo, hasa apitapo miaka minne, huanza kucheza pamoja na wengine kwa shauri moja. Bibi Mildred Parten wa Marekani alieleza hatua hizi mwaka 1932, na mama yeyote aweza kuziona uani pake. Mtoto aliyekosa wenzi katika miaka hiyo hufika shule akiwa na hamu kubwa ya marafiki lakini bila ustadi. Ndiyo maana yule mtoto wa mfano hunyakua mpira. Hataki kuharibu mchezo. Anataka kuwa ndani ya mchezo, wala hajui mlango wake uko wapi.

Baba aweza kumwonyesha mlango huo. Amwambie: Kwanza simama karibu, utazame mchezo mpaka uujue. Pili, usiseme habari zako. Sema habari za mchezo. Tatu, tafuta pengo: kama hawana golikipa, sema, "Mimi nitadaka." Nne, wakikataa, usilie wala usitoe fedha, ngoja, ujaribu tena. Baba na mtoto wafanye mazoezi nyumbani kwa mpira wa karatasi, baba akiwa kundi la watoto. Watacheka, na katika kicheko hicho mtoto atajifunza kukataliwa bila kuvunjika moyo.

Tena asipelekwe kwa watoto ishirini mara moja. Mama amwalike mtoto mmoja mpole wa jirani, kwa saa moja, na awape shughuli ya mikono: kutengeneza tiara, kucheza ajua, kubeba kuni. Watoto wawili wenye kazi moja hupata maneno. Watoto wawili walioambiwa "kaeni mcheze" hutazamana.

Na kazi ya nyumbani yenyewe ni mwalimu mkubwa. Bibi Carol Ember alichunguza wavulana Wajaluo katika sehemu za Oyugis, akaandika mwaka 1973. Baadhi yao, kwa sababu nyumbani hapakuwa na dada wa kutosha, walikuwa wakifanya kazi zilizohesabiwa kuwa za wasichana, kazi za jikoni na za nyumba. Wavulana hao walionekana kuwa na ugomvi na ubabe mdogo kuliko wavulana wengine. Baba anayesema kwamba kumtuma mwanawe wa kiume jikoni ni kumvunjia heshima, afikiri tena. Mtoto ambaye watu wanamtegemea hana haja ya kuanguka kutoka benchi ili aonekane. Yeye huonekana kila siku, maana asipoleta maji, ugali haupikwi.

YAPASA KUPIMA KABLA YA KULAUMU

Hata hivyo, si kila mtoto mwenye tabia za ajabu anatafuta macho ya watu. Wengine wana udhaifu wa mwili ambao hakuna aliyeutambua. Mtoto aliyepata homa ya uti wa mgongo, au malaria iliyopanda kichwani, au aliyetokwa na usaha masikioni kwa muda mrefu, aweza kupoteza sehemu ya kusikia kwake. Huyo huitwa asiitike. Husema kwa sauti kubwa. Huingia mchezoni bila kujua shauri lililokatwa. Watu husema ni mkaidi, kumbe hasikii. Mwingine haoni ubao, naye hufanya mzaha ili aibu yake isijulikane.

Tena wako watoto ambao akili zao hupokea ulimwengu kwa njia nyingine. Daktari Leo Kanner aliieleza hali hiyo mwaka 1943, nayo huitwa usonji. Mtoto wa namna hii aweza kuchelewa kusema, au kurudia neno moja siku nzima, kupunga mikono, kupanga vizibo vya soda katika mstari na kulia sana ukiharibiwa, au kutotazama uso wa mtu. Huyu hatafuti macho ya watu. Mara nyingi macho hayo humchosha. Kupuuzwa hakumsaidii, na kiboko humwumiza tu. Anahitaji mafundisho ya polepole, utaratibu usiobadilika-badilika, na watu wanaomjua.

Mzazi akiona dalili hizo, aende kwanza hospitali ili masikio na macho yapimwe. Kisha aulize shuleni au katika ofisi ya elimu habari za kituo cha kupima watoto wenye mahitaji ya pekee. Vituo hivyo vilianzishwa katika Kenya tangu mwaka 1984. Hata kwa mtoto asiyesikia kabisa mlango haujafungwa: shule ya viziwi ya Nyang'oma, karibu na Bondo, imefundisha watoto tangu mwaka 1961. Nyanya anayesema habari ya chira asidharauliwe, maana anasema kwa upendo na kwa mila aliyoipokea. Aombwe tu kwamba sikio lipimwe kwanza. Na akihitaji kazi, apewe ile kazi yake ya zamani, ambayo hakuna daktari awezaye kuifanya: kumweka mtoto karibu naye jioni na kumsimulia hadithi.

Iko sababu nyingine, nayo ni huzuni. Tangu miaka ya 1980 ugonjwa wa UKIMWI uliwaondoa wazazi wengi katika Nyanza, na watoto wengi walihamishwa kutoka nyumba hata nyumba. Mtoto aliyezikiwa mama akiwa mdogo, kisha akapelekwa kwa shangazi, kisha kwa ami, hujaribu kila nyumba mpya kwa ubaya: ataka kujua kama watu hawa nao watamtoa. Anayemwambia, "Ukifanya hivi nitakurudisha," amemthibitishia hofu yake. Afadhali aambiwe, "Umekosa, na utafagia ua, lakini hapa ni kwenu." Na kama mtoto aliyekuwa mchangamfu amebadilika ghafula, akamwogopa mtu fulani au akaogopa kwenda mahali fulani, mzazi asidhani ni utundu. Amwulize kwa upole, amwamini, na atafute msaada. Simu ya watoto nchini Kenya ni 116, nayo haina malipo.

KIBOKO NA SAMAKI

Watu husema, "Samaki mkunje angali mbichi," wakidhani maneno haya yanaruhusu kiboko. Lakini nani kando ya Ziwa hili aliyepata kumkunja ngege kwa kumpiga? Hukunjwa kwa mikono miwili, polepole, akiwa na majimaji. Akipigwa hupasuka. Serikali ya Kenya ilipiga marufuku adhabu ya viboko shuleni mwaka 2001, na mwalimu mwema hakupoteza silaha kwa sheria hiyo. Bado ana kiti cha mbele, ana kazi ya kugawa vitabu, ana neno la sifa mbele ya darasa, ana mwenzi mpole wa kumketisha kando ya mtoto mwenye taabu. Mtoto yule aliaye kama pikipiki, akipewa kengele ya shule aipige saa nne, atakuwa amepata kelele yake kwa halali.

Haitakuwa kazi ya wiki moja. Mtoto aliyejifunza kwa miaka minane kwamba haonekani ila akianguka, hataamini upesi kwamba anaonekana akiwa ameketi. Ataanguka tena. Siku hiyo mama atakuwa amechoka, baba hana kazi, na mvua imeingia chumbani. Hata hivyo dakika kumi za jioni zitolewe, na hodi iitikiwe.

Wazee walisema mkono mmoja haulei mwana. Mama peke yake hawezi, mwalimu peke yake hawezi, wala daktari peke yake hawezi. Jirani naye ana sehemu yake. Jirani amwonapo mtoto huyo amesimama pembeni ya uwanja, mikono nyuma, akitazama wenzake wakicheza, asimwite mtundu. Amwite kwa jina lake, amwulize kama yu tayari kudaka mpira, na kisha awaambie wale wengine wamfanyie nafasi.